Jina Moja Kitabuni

Kombo alirudi kutoka Mombasa Alhamisi asubuhi, na badala ya kwenda kwake akaja moja kwa moja Ngamiani, uani kwa Mwatum, akaufunga mlango nyuma yake. Mwatum alikuwa anachoma vitumbua. Hakumkaribisha. Tangu habari zifike kwamba benki ya Mombasa aliyomwekea fedha zake imefilisika, hakumwita tena shemeji, ingawa ndiye aliyemwoa marehemu dada yake.

"Hela yangu," alisema.

"Nipe maji kwanza."

"Maji yako baharini. Hela yangu, Kombo!"

Shilingi mia tatu na themanini. Miaka sita ya vitumbua, jamani, miaka sita ya moshi machoni! Na si za kukaa tu: kule Pemba kaka yake Jaku, mpumbavu yule, aliiweka rehani mikarafuu ya mama yao, na mwenye rehani ameapa kuichukua mwezi ukiandama.

Posta ya hapa Tanga ingezitunza vizuri tu. Lakini Kombo, mdomo asali, aliwapitia wanawake kumi wa mtaa: Posta faida yake kiduchu, nipeni mimi nivuke nazo mpaka pale Horohoro, Mombasa iko benki ya matajiri inalipa mara mbili. Wakampa. Ilipoanguka, Mwatum alikwenda bomani, na Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, akamjibu bila kuinua macho kwamba benki hiyo ni ya Kenya, serikali ya Tanganyika haina mkono huko.

Kombo akatoa bahasha. "Wenye benki wamelazimishwa kulipa. Lakini kila jina kitabuni halipati zaidi ya mia nne. Aliyeweka mia, anapata mia yake. Aliyeweka elfu kumi, mia nne."

"Basi mimi nalipwa zote. Sote tunalipwa."

Kombo akaigeuzageuza bahasha.

"Uliandika jina langu?"

"Shemeji, pale ukiwa na fedha nyingi wanakuita bwana, wanakuwekea kiti, wanakuletea kahawa..."

"Uliandika jina la nani?"

"Langu."

Jina moja! Fedha za wanawake kumi, elfu tatu na ushei, chini ya jina la mtu mmoja aliyetaka kuletewa kahawa, na sasa zimelipwa mia nne tu. Kila mmoja angeandikwa lake, asingepoteza hata senti. Mwatum alimtukana, akamtukania na waliomzaa, wala hakujuta.

Kombo alivumilia, kisha akasogea karibu. "Chukua wewe mia tatu na themanini zako. Wengine nitawaambia sikupewa kitu. Nani atajua?"

Na hapa tusidanganyane: Mwatum alizitaka. Mkono ulishafika kwenye bahasha. Lakini akamkumbuka Bertha, mjane wa kibarua wa mkonge, Mlutheri wa watu ambaye hakumjua Kombo hata kwa sura. Yeye Mwatum ndiye aliyempeleka, akamwambia, "Huyu ni wetu, usiogope."

Akamkamata Kombo ukosi wa kanzu, akamburura hadi barazani, akapiga ukelele mtaa mzima ukatoka. Mbele ya wenzake wote akamlazimisha agawe. Kila mmoja akapata noti mbili za ishirini, basi.

Mnadhani walimshukuru? Thubutu!

"Mlango mliufungia nini?" Bertha aliuliza. Alikuwa ameweka mia tatu na hamsini, sasa anashika arobaini. "Mlikuwa mnagawana nini humo ndani, wewe na shemeji yako?"

"Dada Bertha, wallahi..."

"Usiniapie! Si wewe uliyenileta kwa mwizi huyu? Zako umeshachukua!"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Kombo, ambaye neno lake moja lingetosha, alikuwa anapangusa kanzu yake vumbi.

Hasira zilimpanda Mwatum. Ameiacha mikarafuu ya mama yake ichukuliwe kwa ajili ya watu hawa! Akazibwaga noti zake mbili miguuni pa Bertha.

"Haya, chukua na hizi! Nipekueni, muone kama nimeficha nyingine!"

Alitaka mwenzake aone haya, azirudishe. Bertha akainama, akaziokota zote mbili, akazifunga pindoni mwa kanga pamoja na zake, akaenda zake nyumbani.