Paa Lililozidi Mengine

Pili alikuwa fundi wa mapazia, na siku hiyo cherehani ilikuwa imevunja sindano ya mwisho. Akakaa juu ya jora la kitambaa, akafungua simu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kuitafuta nyumba aliyozaliwa.

Haikuwa kazi ndogo. Nyumba yenyewe ilikuwa nchi nyingine, kwenye kambi ya kiwanda cha sukari alikofanya kazi marehemu baba yake. Walihama Pili akiwa na miaka sita. Kila alipouliza, mama yake alimpa jibu lile lile: "Kiwanda kilikufa, nyumba zikabomolewa. Pale ni majani matupu." Hata jina la kituo cha basi alidai limemtoka kichwani.

Lakini ramani ya setilaiti haisubiri mtu akumbuke majina. Pili aliufuata mto kutoka daraja la mpakani, akaupoteza, akaupata tena, mpaka akaona dohani ya kiwanda imelaza kivuli chake kirefu uwanjani. Kando ya kivuli zilijipanga nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, zimefanana kama miche ya sabuni ndani ya katoni. Haikuwa imebomolewa hata moja.

Ya kwao alikumbuka ilikuwa ya tatu kutoka tangi la maji. Akaivuta karibu, na hapo ndipo alipokunja uso. Mapaa yote yalikuwa na urefu mmoja, ila la kwao lilikuwa limezidi. Liliongezwa kwa nyuma, chumba kizima, kwa mabati ya rangi nyingine.

Mtu aliyezoea kupima madirisha ya watu hadanganyiki kirahisi. Alivipanga vyumba kichwani: sebule, chumba cha wazazi, jiko, na mwishoni kabisa chumba chake yeye. Baada ya chumba chake kulikuwa na ukuta, na baada ya ukuta, kwa kumbukumbu zake, hapakuwa na kitu. "Labda wamejenga waliokuja baadaye," alijisemea. Ramani ile iliruhusu kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka. Akarudi. Picha ya zamani kuliko zote ilikuwa ya mwaka ule waliohama, gari jeupe la baba yake likiwa bado limeegeshwa mbele. Chumba kilikuwepo.

Na kulikuwa na jambo jingine. Nyuma ya nyumba, katikati ya majani, palikuwa na duara la udongo mtupu, kama alama ya sufuria ya moto juu ya meza. Kwenye picha ya zamani lilikuwa jembamba, unaliona kwa shida. Mwaka hadi mwaka lilizidi kukolea. Kwenye picha mpya lilikuwa jeupe pe. Kuna mtu alikuwa akizunguka pale kwa miguu miaka yote hiyo, bila kutoka nje ya mstari.

Jioni alimwonyesha mama yake, ambaye alikuwa akiishi naye tangu baba alipofariki. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliitupia simu jicho moja tu.

"Hiyo siyo yetu."

"Mama, gari la baba hilo hapo."

"Magari meupe ni mengi."

"Na hicho chumba cha nyuma?"

"Stoo."

"Stoo ya nini?"

Mama aliinuka na sinia lake, mchele ukimwagika bila yeye kuona. "Una mume, una kazi. Huko angani unatafuta nini?"

Kesho yake, dukani kwake, Pili alishuka kwenye picha za barabarani, zile zinazokuonyesha mtaa kana kwamba unautembelea. Mkabala na nyumba yao palikuwa na duka, na ukutani namba ya simu kwa rangi nyekundu. Akapiga moyo konde, akapiga na simu.

"Duka la Mpole, karibu!"

"Shikamoo. Nakupigia kutoka mbali. Nauliza habari za hiyo nyumba inayotazamana na duka lako, hiyo ndefu."

"Marahaba. Kama unataka kuinunua umechelewa, na kama unataka kupanga umepotea njia," mwenye duka alicheka. "Hapo anakaa bibi mmoja na mgonjwa wake."

"Mgonjwa gani?"

"Mwanamke mtu mzima tu. Hasemi, hatoki uani. Mimi nilihamia hapa nikamkuta, na kila aliyehamia alimkuta."

Pili aliomba kuzungumza na huyo bibi. Mwenye duka akavuka barabara na simu mkononi, akilalamika kwamba ameacha duka wazi na watoto wa siku hizi wana mikono mirefu. Lango lilisikika likikwaruza. "Bibi kaenda bombani," akasema. "Yupo huyu mwenyewe, kasimama dirishani. Nimpe?"

"Mpe."

Ikasikika pumzi tu, nzito, karibu kabisa na sikio. "Haloo?" alisema Pili. Hakujibiwa. Kisha ile simu ikagongwa kwa ukucha, mara mbili upesi na mara moja taratibu, ikanyamaza kama inayosubiri.

Mkono wa Pili ulijibu kabla yeye hajafikiri. Vidole viligonga meza ya kukatia, mara mbili upesi, moja taratibu, halafu vikakwaruza mbao. Hakujua vilijifunza wapi. Kule mtu akacheka, kicheko cha mtoto mdogo kikitoka kwenye koo la mtu mzima. Simu ikamponyoka.

Alifunga duka mchana kweupe. Nyumbani hakusalimu, aliugonga mlango vile vile alivyoigonga meza. Mama yake akaketi sakafuni.

"Ni nani yule, mama?"

"Dada yako."

Tangu utotoni Pili alijiuliza kwa nini aitwe Pili na hali ni mtoto pekee. Aliambiwa wa kwanza alifia tumboni. Sasa mama alisimulia bila kuinua macho. Wa kwanza alizaliwa hai, akamtangulia Pili kwa miaka minne, lakini hakusema, alikuwa na kifafa, na alijipiga kichwa ukutani. Baba, fundi mkuu wa kiwanda aliyeogopa midomo ya watu, akamjengea chumba chenye mlango wake wa uani, akamtafutia yaya. Pili akakatazwa kwenda uani.

"Uso wake hukuwahi kuuona," mama alisema. "Ila mlikuwa mnagongeana ukutani kutwa nzima. Nilijua, nikawaacha."

"Halafu mkamwacha yeye."

"Kiwanda kilipofungwa baba yako alisema tutangulie, tumfuate baada ya mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Baadaye akasema asitajwe tena. Wewe ulikuwa ukigonga kuta za nyumba tuliyohamia mpaka vidole vinavimba, na mimi nakwambia unaota, mwanangu, lala."

Pili alifunga mkoba wake. Alimuaga mumewe, akapanda basi.

Yaya, ambaye sasa alikuwa bibi kizee, alimfungulia lango, akamtazama juu mpaka chini. "Umekawia," alisema, basi.

Dada alikuwa nyuma ya nyumba, akizunguka kwenye duara lake, mwanamke mrefu aliyeanza kuota mvi. Pili akasogea. "Dada." Dada alimpita kama unavyopita mti, akaendelea. Pili akaugonga ukuta mbele yake. Dada alimtazama kwa hofu, akakimbilia chumbani na kufunga mlango.

"Hakutaki wewe," alisema Yaya, bila ubaya. "Anamtaka yule mdogo."

"Mdogo ndiye mimi, Yaya."

"Ndivyo ninavyojua na mimi. Lakini kila siku hugonga, hunyamaza, halafu hucheka. Mtu hachekei ukuta usiomjibu."

"Si wewe unayemjibu?"

"Mimi nalala chumba cha mbele. Chumba chako naingia kufagia tu, na nafagia upesi."

Pili alikwenda mwenyewe. Chumba kilikuwa kitupu, kidogo kuliko alivyokikumbuka, jua la alasiri limeanguka sakafuni. Alisimama mbele ya ukuta. Haikupita muda dada akagonga kutoka upande wake, mbili upesi, moja taratibu. Pili akainua ngumi.

Kabla haijafika, jibu likatoka. Lilitoka kwenye ukuta ule ule aliokuwa ameukabili, chini, usawa wa kiuno chake, pale ambapo mkono wa mtoto wa miaka sita ungefika. Ng'ambo dada akacheka.

Nywele zilimsimama Pili. Lakini hata kabla ya hofu alishikwa na aibu, kama mtu aliyeingia kwenye maongezi ya wengine bila kupiga hodi. Akatoka kinyumenyume, akaufunga mlango polepole.

Alikaa pale wiki kadhaa. Dada alimzoea kidogo kidogo, akakubali kula mbele yake, na siku moja akamshika kidole. Kile chumba Pili hakukiingia tena. Alimpigia mama yake akamweleza yote, hata la ukutani.

"Amekonda?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Ana mikono yako."

Mama alikuja na kisanduku kimoja. Dada alimpapasa uso kwa vidole vyote, akaviacha hapo. Mama hakulia. Mwishowe alimuuliza Yaya kama kitanda kipo kwenye chumba cha Pili.

"Lala nami sebuleni, mama," Pili alidakia. "Kule si kwa kulala. Nilikwambia kuna nini."

"Ndiyo sababu nataka kulala huko." Mama alishachukua mkeka. "Nilidhani nimemwacha mmoja nikaondoka na mwingine. Kumbe niliwaacha wote wawili. Wewe rudi kwa mumeo, Pili. Wewe umeshakua."

Asubuhi Pili aliondoka peke yake. Alipopita chini ya dirisha la kile chumba alimsikia mama akisema neno, akinyamaza, akisema tena, kama mtu anayewasikiliza watoto kwa zamu. Hakusimama. Kwenye basi alikagua mkoba wake: tiketi, funguo, simu, vyote vilikuwepo. Akaukagua tena.