Mwenyekiti Hajala Siku ya Nne

Kobe alifika Ibighi mwezi wa tatu ndani ya lori la mpunga. Ackson, dereva wa lori hilo, alikuwa anashusha magunia ya kutoka Kyela alipoona kitu cha mviringo kimebanwa kati ya gunia na ubao. Alidhani ni kifuniko cha sufuria. Kifuniko kikatoa kichwa, kikamtazama.

Alikuwa kobe wa maji, mkubwa kiasi cha sahani. Mvua zilikuwa zimefurisha majaruba ya mpunga kule chini, na bila shaka alipanda garini mwenyewe akitafuta pakavu. Ackson alimtia kwenye ndoo, akampelekea mkewe.

"Wenzangu wanaletewa vitenge," alisema Felista akichungulia ndoo.

"Kitenge ungekivaa tu. Huyu utaongea naye."

Felista alikuwa fundi cherehani, na alicheka kwa sababu mumewe alikuwa amegusa penyewe. Binti yao wa pekee, Lusajo, alikuwa shule ya bweni tangu Januari. Ackson mwenyewe alilala nyumbani siku mbili kwa wiki. Nyumba ilikuwa imepoa mno kwa mwanamke aliyezoea kugombana na mtu kuhusu vyombo. Basi akamwekea kobe beseni kubwa la bluu kando ya cherehani, akatumbukiza jiwe la kupandia, na kazi ikaendelea.

Shida ya kwanza ilikuwa chakula. Siku ya kwanza alimpa ugali. Kobe aliutazama kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Siku ya pili alimpa wali, maana si ametoka Kyela? Wali ukavimba ndani ya maji, beseni likawa uji. Ndizi za kupika zikafuata, kisha mkate, kisha mkate uliopakwa siagi. Siku ya tano Felista alikuwa anakatakata nyama ya mchuzi, kipande kikamponyoka kikaangukia majini. Kobe alikirukia kwa kasi ambayo hakuna mtu angemdhania, akakimeza kichwa kikiwa chini ya maji.

"Kumbe!" alisema Felista. Siku iliyofuata akamwekea nyama juu ya jiwe, kobe akaichukua, akatumbukia nayo majini ndipo akaimeza. Felista akaelewa kwamba mgeni wake hawezi kumeza pakavu. Tangu hapo akamkatia nyama ya ng'ombe vipande vidogo kila siku, akidondosha kimoja kimoja. Alijiona mjuzi. Wateja waliokuja kupimwa magauni walipewa na somo la kobe bila kuliomba.

Wateja hao hao ndio waliompa jina. Kila watu wawili walipobishana chumbani mle, kobe alinyanyua kichwa, akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akakirudisha ndani ya gamba bila kutoa uamuzi. Mmoja akasema, "Huyu ni Mwenyekiti." Jina likamshika.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Ukungu ulishuka kutoka mlima Rungwe ukakaa barabarani hadi saa tano, na Felista alishona amevaa masweta mawili na soksi za Ackson. Maji ya bomba yaliuma vidole. Akagundua kitu kilichomfurahisha: beseni halikuchafuka tena. Zamani alibadilisha maji kila siku kwa ajili ya harufu, sasa siku mbili zilipita maji yakiwa yanang'aa.

"Amekuwa mstaarabu," alimwambia Ackson kwenye simu.

Siku ya tatu aliona vipande vya nyama vimelala chini ya beseni, vyeupe, vimelegea. Akahesabu. Vilikuwa vya juzi, vya jana na vya leo. Ndipo akili ikamrudi. Asiyekula atachafua nini? Akamnyanyua kobe. Macho yalikuwa yamevimba kama maharage yaliyolowekwa, na yalikuwa yamefumba. Alipomrudisha majini hakuzama sawasawa. Alielea upande mmoja ukiwa juu, kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Puani mwake pakatoka povu dogo, likapasuka, likatoka jingine.

Asubuhi ya siku ya nne alimpigia Ackson. Mtandao ulikuwa mbaya, ikabidi apige kelele.

"Nasema Mwenyekiti hajala siku ya nne! Macho yamevimba, hayafunguki! Ndiyo! Amelalia upande mmoja! Mapovu yanamtoka puani! Nikimvuta mguu haurudishi! Mimi naona tunampoteza, baba Lusajo!"

Nje ya mlango alikuwa amesimama Veronika, mwimbaji wa kwaya, aliyekuja kuchukua gauni lake. Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile tangu kobe aletwe. Alimjua Mwenyekiti mmoja tu, naye ni mzee Obed, mwenyekiti wa mtaa, ambaye nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka pale. Veronika akashika kifua. Akageuka bila gauni.

Kufikia saa nne, nyumbani kwa mzee Obed palikuwa na mikungu miwili ya ndizi, chupa tatu za chai na wanawake saba waliojifunga kanga kiunoni tayari kwa kazi. Mzee Obed alitoka bandani kwake, ambako alikuwa akiwalisha vifaranga, akakuta jiko limeshawashwa na mtu anapanga viti uani.

"Kuna nini?" aliuliza.

Veronika alipiga yowe. Mwingine akasema, "Mwenyekiti, usisimame, utaanguka." Wakamkalisha kwa nguvu. Mmoja akamfunua jicho kwa kidole gumba aone kama limevimba.

"Nani kasema naumwa?"

Wakamwambia.

Wakati huo Felista alikuwa na mgeni wake. Daktari wa mifugo, kijana aitwaye Tulia, alikuwa amekuja na bodaboda kutoka Isongole, buti zikiwa bado na matope ya zizi. Alimgeuza kobe taratibu, akamtazama mdomoni, akamsikiliza anavyopumua.

"Dada, nisikudanganye," alisema. "Mimi ni wa ng'ombe na nguruwe. Kobe nilimsoma chuoni ukurasa mmoja, na daftari lenyewe lilikuwa la kuazima. Lakini njiani nimempigia mwalimu wangu. Hebu niambie, unampa nini?"

"Nyama," alisema Felista kwa fahari. "Steki."

"Na nini?"

"Na steki."

Tulia alitabasamu, lakini Felista aliona kwamba si tabasamu la kumsifu. "Kule kwao anakula samaki mzima na mifupa yake, nyungunyungu, konokono, majani ya majini. Wewe umempa mnofu mtupu miezi mitatu. Vitamini imemwishia, ndiyo maana macho yamevimba, na asiyeona hawezi kula. Juu ya hapo kuna baridi. Huyu hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa baridi, na tumbo linalala. Hilo povu na kule kuelea upande ni kifua. Ameshikwa na homa ya mapafu."

Felista alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alijiona kama mama aliyemnyima mtoto chakula huku akijisifia kwa majirani. "Nilidhani namdekeza," alisema. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kipande cha bitana.

"Hata mimi ningedhani hivyo. Nitamchoma sindano, tutarudia kila siku ya tatu. Lakini sindano bila joto ni kazi bure. Anahitaji mahali pa joto mchana na usiku, wiki mbili. Hapa kwako pana joto wapi?"

Felista alitazama chumba. Mahali pekee penye joto palikuwa chini ya pasi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mzee Obed aliingia, nyuma yake Veronika, nyuma ya Veronika wanawake sita.

"Mama Lusajo!" alisema mzee Obed. "Nimekukosea nini? Umewatangazia watu kwamba natoka mapovu?"

Felista alisimama, mdomo wazi. Alimtazama mzee, akatazama beseni, na jambo lote likamfunukia kwa pamoja. Akajitahidi asicheke. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Sitaki shikamoo, nataka maelezo. Nimefunuliwa jicho mbele ya watu!"

Tulia, ambaye hakujua lolote zaidi ya jina la mgonjwa wake, alimnyanyua kobe kwa mikono miwili. "Samahani, mzee, tupishe kidogo. Mwenyekiti anahitaji hewa."

Mzee Obed alimtazama kobe. Kobe, macho yakiwa yamefumba, alitoa povu.

"Huyu ndiye Mwenyekiti?"

"Ndiye," alisema Felista kwa sauti ndogo. "Tulimwita hivyo kwa sababu ya busara zake."

Aliyeanza kucheka ni Veronika, na aliyefuata, baada ya kupigana na uso wake kwa muda, ni mzee Obed mwenyewe. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akainama karibu na beseni, akaacha kucheka. "Mbona anapumua kwa shida hivi?"

Tulia akamweleza habari ya joto. Mzee alijikuna kidevu. "Mimi nina vifaranga mia, wana balbu kubwa mbili. Humo ndani hata mimi huwa naingia nikisikia baridi."

Hivyo ndivyo Mwenyekiti alivyobebwa mtaani ndani ya beseni, akisindikizwa na wanawake saba ambao tayari walikuwa wamejiandaa kusindikiza. Kwa mzee Obed walimpima kwenye mizani ya pumba ili Tulia ajue kiasi cha dawa, wakamchoma sindano kwenye mguu wa mbele, wakaweka beseni chini ya balbu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, machache, yasiyompita bega, asije akazama kwa udhaifu. Ndizi na chai vililiwa palepale, maana vingefanya nini?

Siku nne hazikuonyesha kitu. Felista alikwenda asubuhi na jioni kumpangusa macho kwa maji ya chumvi kidogo, kama alivyoelekezwa. Vifaranga walizoea kupanda juu ya gamba na kulala hapo, na mzee Obed alikuwa akiwaondoa mmoja mmoja, akiwaambia kwamba kuna mgonjwa. Siku ya tano jicho la kushoto likafunguka upenyo mdogo. Siku ya saba yakafunguka yote mawili.

Siku ya nane Felista alikuwa amechuchumaa kando ya beseni akimtikisia samaki mdogo kwa kijiti, bila mafanikio. Kifaranga mmoja alikuwa amepata nyungunyungu kwenye takataka, na wenzake kumi wakawa wanamkimbiza. Akapanda ukingo wa beseni kuwakwepa, nyungunyungu akining'inia mdomoni juu ya maji. Shingo ya kobe ikatoka ndani ya gamba, ndefu kuliko Felista alivyowahi kuiona. Mara nyungunyungu hayupo. Kifaranga alibaki ameduwaa, mdomo mtupu.

"Amekula!" Felista alipiga kelele mpaka vifaranga mia wakakimbilia kona moja. "Mzee Obed! Mwenyekiti amekula!"

Baada ya hapo hakushikika. Alikula samaki mzima, kichwa na mifupa, alikula mchicha na karoti iliyokwanguliwa, na siku mojamoja kipande cha maini. Maji yakachafuka tena, na Felista aliyanusa kwa furaha isiyoelezeka. Wiki mbili zilipotimia alikuja na ndoo kumchukua. Mzee Obed alikuwa na mambo mengi ya kusema. Baridi bado ipo. Vifaranga wamemzoea. Tena njia ina upepo.

"Mzee, useme tu unamtaka," alisema Felista.

"Simtaki. Nasema akae mpaka mwezi wa tisa. Wewe utakuja na samaki, mimi nitatoa joto."

Wakakubaliana hivyo, wakapeana mikono. Jumamosi iliyofuata mzee Obed alimsimamisha Tulia barabarani, akampungia kidole kilichofungwa kitambaa chenye damu.

"Daktari, ameniuma!" alisema, uso wote ukicheka. "Ona! Ameniuma kisawasawa!"