Kaliopi Aliyekubaliwa

Siku ya jina la Kaliopi, sikukuu ya kila aliyebatizwa jina hilo, mama wa ubatizo alikuja na kisanduku kilichofungwa utepe, na Stamatia alijua kilichomo kabla utepe haujafunguliwa. Simu. Hakuwa ameulizwa. Nani anamwuliza mama mzazi, ikiwa aliyemshika mtoto kwenye maji ya ubatizo ameshaamua?

"Ana miaka kumi tu," alisema.

"Wenzake wote darasani wanazo. Unataka achekwe?" Mama wa ubatizo akambusu mtoto utosini, na maneno yakaishia hapo.

Nyumba ilikuwa imejaa. Waliosherehekewa walikuwa watatu: mama mkwe, mwenye jina lake; mjukuu wake mkubwa, binti wa shemeji Thanasi, aliyeletwa na wazazi wake kutoka mji wa Larisa; na binti wa Stamatia, ambaye nyumbani walimwita Popi. Ndugu wote wawili, Thanasi na mume wa Stamatia, walikuwa wamempa binti wa kwanza jina la mama yao, kama inavyotakiwa, na ukoo ni mmoja. Wote watatu walikuwa Kaliopi Vrettou. Mama mkwe aliketi katikati ya kochi, wajukuu huku na huku, Thanasi akawapiga picha na kuitundika mtandaoni papo hapo, majina na mtaa na kila kitu. Pongezi zikamiminika, nyingine kutoka kwa watu ambao hakuna aliyewajua.

Stamatia hakuwa na hamu ya keki. Alijifungia jikoni na ile simu mpya, akafunga mlango mmoja baada ya mwingine. Michezo, saa moja kwa siku. Ramani, ili nukta ya kijani imwonyeshe kila mahali mtoto alipo. Chakula cha mchana cha Jumapili, simu ife kabisa isipokuwa ramani, kwa sababu mezani kwa bibi hakuna kuchezea vioo. Na lililo kubwa kuliko yote: mtu yeyote asiweze kumwandikia mtoto mpaka yeye Stamatia aseme ndiyo.

Thanasi alichungulia mlangoni, glasi mkononi. "Shemeji, unamfungia mtoto simu au unafunga benki?"

"Benki ikiibiwa, wanachapa noti nyingine. Mimi huyu nitamchapa wapi?"

Thanasi alicheka mpaka akamwaga kinywaji. Stamatia hakucheka. Tangu siku alipomzaa Popi alikuwa akiota ndoto moja, kwamba yuko sokoni, anageuka, na mkono aliokuwa ameushika haupo.

Maombi yalianza kuja. Mvulana wa darasani, hapana. Mtu mwenye picha ya paka, hapana kabisa. Halafu asubuhi moja, yuko kazini kwenye meza ya samaki, mikono imelowa magamba, simu yake ikalia: Kaliopi Vrettou anaomba kumwandikia mtoto wako. Picha ilikuwa ya yule mkubwa wa Larisa, kwenye kochi la bibi. Mteja alikuwa akilalamika kwamba dagaa hawana macho ya kung'aa. Stamatia akabonyeza ndiyo kwa fundo la kidole, akarudi kwa dagaa.

Majira ya joto yakapita. Popi alizoea kutabasamu peke yake juu ya kioo, na Stamatia alipouliza, "Nani huyo?" jibu lilikuwa lile lile: "Kaliopi." Basi moyo ukatulia.

Jumapili moja ya Septemba Thanasi na familia yake walitarajiwa tena hapa mjini Volos kula kwa bibi. Sinia la mbuzi na viazi lilikuwa limepelekwa asubuhi kwenye tanuri la mwoka mikate, pale kona, na Popi akaomba alifuate yeye.

"Litakuunguza," mama mkwe alisema.

"Nitalibeba mimi baadaye, mama. Mtoto aende tu akaulize kama limeiva," alisema Lefteri, mume wa Stamatia.

Popi alikuwa ameshafika ngazini. Dakika kumi baadaye Thanasi na familia yake wakaingia. Stamatia akapanga uma, akamwambia yule binti wa Larisa kwa utani, "Na wewe, usimalize maneno yote na Popi kwenye simu. Mtaongea nini mezani?"

Binti akainua kichwa. "Maneno gani, mama mdogo?"

"Si mnaandikiana kila siku?"

"Mimi? Mama hanipi hata ruhusa ya kuwa na hiyo programu."

Uma mmoja ulianguka. Stamatia alimgeukia mama mkwe, japo alijua jibu. Mwanamke yule bado alikuwa na simu ya vitufe, na aliishika mbali na sikio kana kwamba itamng'ata.

"Kaliopi Vrettou," Stamatia alisema taratibu, kama anayesoma jina kaburini. "Kama si wewe, na si bibi…"

Alifungua ramani kwenye simu yake. Nukta ya kijani haikuwa kwa mwoka mikate. Ilikuwa imevuka daraja la kijito, na ilikuwa ikienda.

Akapiga simu. Sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikamwambia kwa upole kwamba kifaa hiki kimefungwa kwa ajili ya chakula cha familia. Saa saba na dakika chache. Alikuwa amesahau kujiacha yeye mwenyewe nje ya kufuli. Akajaribu kulifungua, vidole vikakosea namba ya siri, vikakosea tena.

"Lefteri, gari! Pitia barabara kubwa!" alipiga kelele, na yeye mwenyewe akatoka mbio na viatu vya ndani.

Alikimbia katikati ya mitaa iliyonukia vitunguu na nyama. Kwenye madirisha yote watu walikuwa wakila. Kijasho kilimtiririka mgongoni, na macho hayakubanduka kwenye nukta, ambayo sasa ilikuwa imesimama. Kituo cha treni. Aliweza kumwona mtoto wake vizuri kabisa, na hakuweza kumshika. Kiatu kimoja kilimtoka mguuni darajani, akakiacha.

Popi alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya kituo, miguu ikining'inia. Peke yake. Stamatia alimpapasa uso, mabega, mikono, kama mtu anayehesabu vilivyobaki baada ya moto.

"Nani alikuambia uje hapa?"

"Kaliopi. Alisema atakuja kwa treni kabla ya wazazi wake, tumshtue bibi. Aliniambia nikifika ataniambia gari gani niingie. Halafu simu ikajifunga."

"Gari gani? Si umesema treni?"

Popi aligeuka kuangalia mlango wa kituo. Ilionekana kwamba hilo hakuwa amelifikiria.

"Nilikukataza mara ngapi kuongea na mtu usiyemjua?"

"Lakini namjua, mama." Popi alimtazama usoni. "Wewe ndiye uliyemkubali."

Stamatia aliichukua simu ya mtoto, na safari hii vidole vikapata namba. Kufuli likafunguka, na ujumbe uliokuwa umezuiwa ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine.

Umefika?
Nakuona. Umependeza.
Mbona hujibu?
Njoo kwenye gari jeupe.

Kisha, mbele ya macho yake, ukaingia mwingine mpya:

Huyo mwenye kiatu kimoja ni mama yako?

Aliinua uso. Magari meupe yalikuwa matatu, hapana, manne. Kwenye mkahawa wa ng'ambo wanaume walikuwa wameketi na kahawa zao za barafu, na karibu wote walikuwa wameinamia simu. Mmoja alikuwa anatabasamu. Labda kwa mtoto wake, labda kwa mpira. Kijana mmoja alikunja gazeti akasimama. Mzee mmoja alimwangalia Stamatia, kisha akaangalia mguu wake mtupu.

Hakufuta kitu. Aliitia simu ndani ya blauzi yake, kwa ajili ya polisi. Gari la Lefteri lilisikika likipiga honi upande wa pili wa uwanja wa kituo, limekwama kwenye taa, na kati yake na wao kulikuwa na watu wengi mno. Akamshika Popi mkono, akashuka naye katikati ya barabara, mahali ambapo kila mtu angewaona, magari yakiwapigia kelele.

"Mama, unaniumiza."

"Najua," Stamatia alisema, na hakulegeza.