Kilo Kumi na Nane

Nimeishi katika nyumba nyingi hata nyingine nimesahau mlango ulitazama wapi. Lakini nyumba ya dada yangu mdogo naikumbuka hadi msumari. Nilifika pale na begi moja, nikasema nakaa siku tatu. Nikakaa miezi saba, na sababu ilikuwa gari.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala na kimoja kikubwa mbele, chenye milango miwili ya mbao inayofungukia barabarani. Dada alikuwa mshonaji. Tangu aolewe alikitaka chumba kile kwa ajili ya cherehani yake, kwa sababu kilipata mwanga asubuhi mpaka jioni na wateja wangeingia bila kupita jikoni. Badala yake cherehani ilikaa kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda chooni. Ukibanwa na haja, unapiga hodi kwanza, dada anavuta kiwiko ndani, ndipo unapita kiubavu.

Chumbani lilikaa gari la mumewe.

Lilikuwa fupi kama kiatu, na mlango wa nyuma wa kuinua, aina ile ambayo watu hununua kwa ajili ya kwenda sokoni. Ila waliolitengeneza waliingiwa na wazimu, wakaitoa injini mbele wakaipachika katikati, pale ambapo watoto wangekaa. Ukiendesha, injini inanguruma nyuma ya shingo yako na mgongo unachemka. Mbele, chini ya boneti, hakukuwa na kitu ila rejeta, betri, tairi la akiba na hewa.

Shemeji yangu alikuwa fundi wa pampu za maji, na mtaa mzima walimwita Mizani. Alikuwa amening'iniza mizani ya ndoano kwenye boriti la chumba kile. Kila kitu alichokitoa kwenye gari alikitundika kwanza, akasoma, akaandika kwa chaki ukutani. Kiti cha abiria, kilo kumi na nne. Zulia, kilo sita. Vioo vya milango akaweka plastiki. Vishikio vya milango akafunga kamba, kisha akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Shemeji, hivi kamba hii haiwezi kuwa nyembamba zaidi?" Siku moja tulikwangua rangi upande wa ndani wa milango kutwa nzima, tukaifagia, tukaipima. Gramu mia sita. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Umeshakula?" aliniuliza siku nyingine, nilipotaka kuonja usukani.

"Nimekula."

"Basi leo hupandi."

Kazi yangu mimi ilikuwa injini. Sikukaa shule moja zaidi ya mwaka, lakini nimefungua injini za mashua, za mashine za kusaga, za matingatinga, na sikio langu lilikuwa bado zima. Tulifunga kabureta mbili. Ili zivute hewa sawasawa nilichomeka kipande cha mpira wa maji sikioni, ncha ya pili nikaipeleka mdomoni mwa kabureta moja, kisha nyingine. Moja ilinong'ona, ya pili ilipiga mluzi. Unageuza skrubu robo kwa robo, unasikiliza tena, mpaka zote mbili ziwe na sauti moja. Ilinichukua wiki. Siku kabureta zilipokubaliana, gari lilicheka. Sina neno lingine. Dada mwenyewe alisimamisha cherehani akachungulia mlangoni.

"Limepata nini?" akauliza.

"Limepona," mumewe akamjibu.

"Mimi je, nitapona lini?"

Hapo ndipo walipopatana. Kila mwaka magari yalishindana kupanda barabara ya machimbo ya kokoto, moja baada ya jingine, kwa saa ya mkononi. Mizani alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tatu, kila mara nyuma ya mwokaji mikate mmoja mnene aliyemwaga maneno kuliko petroli. Dada akaweka sahani mezani na kusema, "Baba, mwaka huu ndio mwisho. Ukishinda, gari libaki, nitashonea ukumbini mpaka nizeeke. Ukishindwa, litoke, chumba kiwe changu." Wakapeana mikono, mimi nikiwa shahidi.

Baada ya hapo shemeji hakushikika. Boneti ya chuma akaitupa pembeni, akatengeneza ya faiba ambayo ungeweza kuibeba kwa vidole viwili. Tairi la akiba likatoka. Jeki ikatoka. Betri akaihamishia nyuma. Ukuta ukajaa chaki. Sisi wawili tukiutazama ukuta ule tulijiona wajuzi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza uzito wote ule ulikuwa unatoka upande gani.

Wiki moja kabla ya mashindano tulienda kulijaribu. Mahali paliponyooka lilikwenda kama limerushwa. Tukafika kona ya chini. Nilikuwa nimekaa sakafuni, kiti hakikuwepo, na niliona kwa macho yangu: alikata usukani, magurudumu yakageuka, gari likaendelea moja kwa moja kama halikuambiwa kitu. Tukaingia kwenye lundo la kokoto mpaka kwenye taa.

Alitoka akicheka. Mimi sikucheka. Kona ya juu haina lundo la kokoto. Ina korongo.

"Pua imekuwa nyepesi mno," nilimwambia. "Injini iko nyuma, mbele hakuna cha kuyakandamiza matairi. Turudishe lile tairi la akiba. Kilo kumi na nane tu."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Mwaka mzima natoa, shemeji, leo unaniambia nirudishe?"

"Ndiyo."

"Hata kilo moja. Tutapunguza upepo matairi ya mbele, basi."

Nikasema sawa. Lakini kesho yake, alipokwenda kazini, nikapiga hodi ukumbini.

"Pita," dada akasema, akivuta kiwiko.

"Siendi chooni. Nataka unishonee mfuko wa turubai, wa kubeba mchanga kilo kumi na nane."

"Wa nini?"

Sijui kumdanganya. Nikamweleza pua, kona na korongo. Nikamweleza pia kwamba na mfuko ule huenda akashinda. Mguu wake ulibaki juu ya pedali. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi na mwanga wa asubuhi ulikuwa umelijaza gari lote.

"Wewe ni kaka yangu au shemeji yake?" akauliza.

"Vyote viwili."

"Nyambafu." Akavuta turubai la buluu, akakata. Alishona mshono mara moja, akaugeuza akashona tena, kisha mara ya tatu kwa uzi wa viatu. "Ukipasuka kwenye kona nitakutafuta," alisema, "na safari hii hutakimbilia mji mwingine."

Asubuhi ya mashindano, shemeji akitafuta kofia yake, niliupakata mfuko ule uliojaa mchanga nikaulaza mahali pa tairi la akiba na kuukaza kwa mikanda. Ukakaa kama uliozaliwa pale.

Wa mwisho kabla yake alikuwa mwokaji. Kisha nikasikia kabureta zangu zikipanda mlima. Kona ya juu nilifumba macho. Niliona aibu, lakini nilifumba. Mlio haukukatika. Alishinda kwa nusu sekunde, akatoka akipiga ngumi boneti yake ya faiba, akimpigia mwokaji kelele usoni, "Wepesi! Umeona wepesi?"

Ila gari la mshindi lilipandishwa kwenye mizani ya malori pale machimboni. Hilo sikulijua. Karani akasoma, "Mia saba na sitini."

Shemeji akaisoma mizani mwenyewe. Ukutani mwake lilikuwa mia saba arobaini na mbili.

Alifika nyumbani, akainua boneti barabarani, akautazama mfuko, akapitisha kidole kwenye mshono. Dada alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Nani kashona huu?"

"Nyumba hii ina washonaji wangapi?"

"Ulijua nikishinda unakosa chumba."

"Nilijua nikishona vibaya nakosa mume."

Shemeji akakaa juu ya tairi, uso mikononi. Kisha akasema ushindi si wake, gari litoke. Dada akakataa: tulipeana mikono, umeshinda, libaki. Siku nne gari lilikaa nje, cherehani ukumbini, wawili wale wakigombana kila mmoja akimlazimisha mwenzake achukue chumba.

Siku ya tano Mizani aliingia chumbani peke yake. Tukasikia vyuma vikiburutwa. Alikuwa anavitoa viti, milango ya zamani, boneti ya chuma, masanduku ya boliti, miaka kumi ya takataka, kila kimoja akikitundika kwenye ndoano kwanza na kukisoma kwa sauti. Tani moja na ushee. Alipomaliza, gari liliingia upande mmoja, na cherehani tukaibeba mimi na yeye mpaka dirishani. Kiwiko cha dada kilikuwa na nafasi yake.

Kesho yake dada alitandaza kitambaa cha mteja juu ya boneti ile ya faiba, kwa kuwa ndiyo meza pekee iliyotosha. Alikuwa na mkasi mzito wa chuma mkononi. Akasita, akamwangalia mumewe.

"Weka," shemeji akasema. "Mbele panataka uzito."

Niliondoka Alhamisi ya wiki ile. Dada alinipa fundo la nguo, shemeji akalishika kwanza, akalipandisha na kulishusha kwa mkono mmoja, akaniambia kilo nne kasoro.