Aliyeiokota Kalamu

Tangu apate habari kwamba Kiama, mdogo wake, amefariki, Mzee Wahome hakuwa amelia. Alikunywa chai, akalisha kuku, akaitikia pole za majirani. Kifua kilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Asubuhi hiyo Gathoni, mjukuu wa marehemu, alimfuata Kitengela. Mazishi yalikuwa kesho yake Kajiado, na wasifu wa marehemu ulikuwa haujaandikwa. Ukoo mzima ulikuwa na mwandishi mmoja tu, yeye Wahome.

"Guka, andika pia alipigania uhuru," Gathoni alisema akimmiminia chai. "Mheshimiwa mbunge atakuwa hapo. Kila mzee huandikiwa hivyo."

"Kweli. Siku hizi kila mzee anayezikwa alikuwa msituni na Mau Mau. Sijui ni nani waliokuwa wakiwatafuta."

Gathoni alicheka, kisha akaacha. "Sasa hiyo miaka alikuwa wapi?"

Wahome aligusa tundu kubwa la sikio lake. Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Hali ya Hatari, alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yao alikuwa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali ya kikoloni. Wanakijiji walipangwa foleni mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani; gunia likitikisika, aliyesimama mbele yake alikuwa wa Mau Mau, na jina lake liliandikwa. Baba hakujua kuandika, akampa Wahome kalamu. Wahome aliitupa matopeni mbele ya ofisa Mzungu, akatoroka. Akaishia Bisil, ambako mama mmoja Mmaasai alimtoboa masikio kwa mwiba na kumpa ng'ombe wa kuchunga, ili askari wamdhanie kuwa mwanawe.

Kalamu ile ameiandika mara nyingi katika vitabu vyake. Wasomaji wanaipenda. Aliyeiokota hajawahi kumwandika.

Alivuta karatasi, akaandika polepole, kisha akampa Gathoni. Gathoni aliisoma amesimama: "Kalamu niliyoitupa, Kiama aliiokota. Aliandika majina miaka mitatu. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, na baba alikuwa amesimama nyuma yake."

"Guka, hii haisomeki mbele ya watu."

"Basi hiyo miaka iacheni wazi. Kwamba alipigania uhuru, siandiki."

"Na watu wakiuliza?"

"Wataniuliza mimi. Tena karatasi hii nitaisoma mwenyewe."

Gathoni aliisoma tena, chai yake ikapoa. Mwishowe akakunja ile karatasi, akaitia katika mfuko wa koti la mzee. "Uvae hili koti kesho," alisema. "Kule kuna upepo."

Kesho yake Wahome aliisoma yote. Sauti haikutetemeka. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi wala aliyeondoka. Mheshimiwa aliangalia viatu vyake. Gathoni alimshika Wahome mkono, wakasogea kaburini. Mzee aliinama kwa shida, akaokota bonge la udongo, akalishika muda mrefu kabla ya kuliachia.

Machozi bado hayakuja.