Propela ya Baba Joyline

Ukitaka kumtesa mtu, usihangaike kutafuta mganga. Mfungie ndani ya gari moja na mkwewe, gari lenyewe livutwe na lori, na safari iwe ya kutoka Kisii hadi Nyamira.

Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile haya ya wakwe. Mume wa binti yangu hanishiki mkono. Mimi simwiti kwa jina lake. Nikiwa na neno naye, linapitia kwa Lorna, binti yangu, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Sijawahi kulalamika. Duncan ni kijana mzuri, na uzuri wake nimeuona kwa mbali kama inavyotakiwa.

Ijumaa ile walikuwa wanahama Nyanchwa, mtaa wa Kisii, kuja Nyamira, karibu na kwangu. Shule moja ya chekechea ilikuwa imempa Duncan kazi ya kubeba watoto kuanzia Jumatatu, kwa sharti moja tu: aje na gari linalotembea. Alikuwa ameshaacha kazi ya dukani Kisii. Gari alikuwa nalo, jipya kwake ingawa lilikuwa limezeeka kwa wengine, ila pampu ya mafuta ilikuwa imekufa na nyingine ilikuwa njiani kutoka Nairobi. Basi likafungwa kwa chuma nyuma ya lori la vyombo. Shamba sisi hatuna la kugawa, na kazi nyingine haikuwepo. Chakula cha nyumba ile kilikuwa kwenye gari lile.

Fundi Ochoki alipomaliza kukaza chuma, akaitwa ng'ambo ya barabara na mtu aliyekwama. Akanikuta mimi nimesimama nikilinda vyombo.

"Mama, ambia huyo kijana asitoke bado," akasema. "Hii gari inavuta na nyuma, halafu ni otomatiki. Ikivutwa hivi, giaboksi itaungua. Lazima tutoe propela kwanza, ile chuma inazungusha magurudumu ya nyuma. Narudi saa hii."

Nimwambie kijana! Mimi? Nikamwita Lorna. Alikuwa juu ya lori akifunga godoro, mtoto wao Joyline mgongoni akilia, na dereva Onsongo akipiga honi kama mtu anayefukuza ng'ombe.

"Mwambie baba Joyline atoe ile prapera kwanza!" nikapaza sauti. Neno la fundi lilitoka mdomoni mwangu vile lilivyotaka lenyewe.

Lorna akaitikia, akamwambia mumewe. Kwa macho yangu nikamwona Duncan akifungua buti, akatoa kikapu changu cha mapera na kukipandisha kwenye lori. Nikaudhika kidogo, lakini propela inakaa wapi, mimi ningejuaje? Nikadhani iko chini ya buti na mapera yangu yameiziba. Mara akafunga buti, akapangusa mikono, akaenda kukaa kwenye usukani. Nikasema moyoni, basi, ameitoa.

Ochoki hakurudi. Onsongo akasema tutachelewa, na mimi Msabato ndiye niliyekuwa wa kwanza kukubali, maana nilitaka kushusha vyombo kabla jua halijazama. Mbele ya lori wakakaa Onsongo, Lorna, mtoto na televisheni. Nafasi ikaisha. Nikaingia kiti cha nyuma cha gari la kuvutwa, pembeni kabisa, nikaukumbatia mkoba wangu na kutazama nje.

Mji ulipobaki nyuma, sikutulia tena. Injini ikiwa imezimwa, usukani ulikuwa mzito na breki hazikushika vizuri. Shingo ya Duncan ililoa jasho. Kila lori liliposhuka mteremko, moyo wangu ulitangulia kufika chini. Na kisha kukawa na harufu. Ilianza kidogo, kama mafuta yaliyosahauliwa kwenye sufuria.

Labda hakuitoa. Kama hakuitoa? Nilitaka kuuliza. Lakini kumwambia mkwe kwamba gari lake linanuka ni sawa na kumwambia ananuka yeye. Nikafungua dirisha. Nikakohoa. Nikaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, na harufu ikazidi.

"Kuna watu wanachoma takataka huku," nikaliambia dirisha.

"Ndio, mama," Duncan akakiambia kioo cha mbele. "Watu wa huku wanachoma sana."

Tukapita mashamba ya chai, na ilionekana kila mwenye shamba anachoma takataka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mhenga huyo hakuwahi kupanda gari na mkwewe Mgusii. Nilisogea kulia, nikasogea kushoto. Nilihesabu vibanda vya kupimia majani. Nilijiambia nitasema kwenye kona inayofuata, na kona zikafuatana.

Nilipogeuka nyuma na kuona moshi unatufuata barabarani, haya yangu yote ilinitoka.

"Duncan! Simamisha!"

Alishtuka kwa jina lake kuliko kwa moshi. Akabonyeza honi mpaka Onsongo akasikia na kusimama.

Tulimpigia Ochoki, akaja na bodaboda, amekasirika kuliko sisi. Akalala chini ya gari.

"Si nilisema propela itolewe?" akauliza kutoka huko chini.

Duncan akamtazama Lorna. "Uliniambia mama amesema nitoe mapera."

Lorna akanigeukia. Hakuna aliyecheka. Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini.

Ochoki akafungua nati moja na kukinga mafuta kiganjani. Yalikuwa meusi, na ndani yake vilimeta vipande vidogo vya chuma. "Hii giaboksi imekwisha," akasema, safari hii kwa upole. "Hata pampu ikuje, hii gari haitatembea Jumatatu."

Duncan akaenda kukaa kwenye nyasi kando ya barabara, kichwa mikononi. Lorna alilia kimya juu ya kichwa cha mtoto. Jua lilikuwa linazama, na Sabato ikaingia tukiwa barabarani. Nilimhurumia yule kijana. Nikamwendea, nikasimama mbele yake kabisa, bila Lorna katikati.

"Ile harufu," nikamwambia, "niliisikia tangu tutoke mjini."

Akainua uso, akanitazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoe binti yangu.

"Hata mimi, mama," akasema. "Niliona aibu kukuuliza kama unaisikia."