Leva Tatu Zilizovaa Sweta

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na siku ile nilijiona injinia. Ngoja niwaeleze, mnicheke pamoja nami.

Nina trekta ndogo hapa kwangu Njoro, ya kimo cha ng'ombe aliyeshiba. Kazi yake ilikuwa kulima tu. Mimi nikataka ibebe ndoo ya mbele ya kuzoa mbolea, na tena imwage trela yenyewe, kwa sababu kushusha mahindi ya silaji, yale ya kuzikwa shimoni yawe chakula cha ng'ombe, kwa uma kulikuwa kumenimaliza mgongo. Nikamwita Tabby, fundi wa kike kutoka Bondeni. Akaja na boda boda, amekumbatia chuma chenye leva tatu na mipira ya oili kama aliyebeba nyoka.

Akafunga siku nzima. Leva ya katikati ya kuinua ndoo, moja ya kuiinamisha imwage, moja ya trela. Ukivuta, kitu kinapanda, ukisukuma, kinashuka.

"Shosho, nyanya yangu, nimeandika jina la kila leva kwa rangi," akasema. "Usifute, tafadhali."

Sikufuta. Nilifunika.

Sasa, nyumbani kwangu hata redio ina kitambaa cha kushona kwa mkono. Viti vina vitambaa, meza ina kitambaa. Leva zikae uchi? Nikazishonea visweta vya nyuzi: chekundu cha ndoo, cha njano cha kuinamisha, cha kijani cha trela. Kwa wiki mbili nilikuwa navuta rangi bila hata kufikiri.

Tatizo lilikuwa Kimeli, mtoto wangu wa kwanza. Anafanya kazi Olkaria, kule kwa umeme wa mvuke wa ardhini, kwenye mambo ya usalama, na kila akipiga simu ni, "Mama, una miaka sabini na moja." Kana kwamba nilikuwa nimesahau. Mwishowe tukapatana: Jumamosi ya kuzika silaji nitaleta trela tatu na kuzimwaga mwenyewe, bila kushikwa mkono.

"Ukishindwa hata moja," akasema, "funguo naondoka nazo."

Basi Ijumaa nikafanya kile ambacho kila mama wa kwetu hufanya wageni wakija. Nikafua vitambaa. Vyote, na vile visweta vya leva pia, maana vilikuwa na oili, na watu wangesema nini? Nikavianika kwenye seng'enge. Jioni nikavirudisha, kijani katikati kwa sababu kilipendeza hapo.

Jumamosi Kimeli akafika na kofia yake ngumu. Akawapanga majirani wote kando, hatua kumi kutoka kwa trekta. Nikarudi na trela ya kwanza, nikaisogeza kinyumenyume mpaka mdomo wa shimo, ndoo ikiwa chinichini kama nilivyoiacha Ijumaa, nikasimama ninywe maji. Nyasi zilikuwa na umande, na mwanangu alikuwa na suruali mpya. Jirani yangu Chesang alikuwa amempa kikombe cha chai. Mtu wa usalama akatafuta pakavu pa kukaa, akakaa ndani ya ndoo.

Sikumwona. Nilikuwa nimegeuka nyuma, naangalia trela kama nilivyofundishwa. Nikavuta kijani. Trela, kimya. Nikaendelea kuvuta.

"Mama! Mama! MAMA!"

Nikageuka. Kimeli alikuwa juu usawa wa paa la jikoni, kikombe mkononi.

"Jepleting!" Chesang akapiga kelele. "Unamtafutia mtoto mke, ama unamwanika?"

Akili ya kawaida ingesema, sukuma hiyohiyo uliyovuta. Akili ya kawaida ilikuwa imeruka kutoka kwenye trekta na kutoroka. Mimi niliona tu kwamba leva zimerogwa, na kwamba moja kati ya hizo tatu itamwaga mtoto wangu chini kama mahindi.

Nikanunua muda kwa kitu pekee ninachojua vizuri.

"Kitendawili!" nikaita.

"Mama, nishushe!"

"Sema tega."

"Tega! Tega, haraka!"

Sikuwa na kitendawili. Nikaangalia mbele yangu, kikaja chenyewe: "Watoto wangu watatu, nimewavisha kwa mikono yangu, sasa siwajui majina."

"Sijui!"

Na mimi hapo ndipo nilipojua. Mkono wangu ukaanza kuvua visweta, kimoja kimoja, na chini yake yakatokea maandishi ya Tabby, makubwa, meupe, hata mtu wa darasa la pili angesoma.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Nakuru!"

"Nakuru ina wenyewe."

"Chukua Olkaria!"

"Kuna moto sana. Nipe trekta, na usiniulize miaka tena."

Akachungulia chini. "Chukua."

Nikasukuma leva ya NDOO polepole. Akashuka kama yai. Chai haikumwagika hata tone.

Akaja moja kwa moja kwenye leva, akasoma, akaangalia visweta mapajani mwangu. "Kwa hivyo ulikuwa hujui ni ipi?"

"Sikujua," nikasema. Kumdanganya mtoto uliyemzaa ni kazi bure. "Mji jirudishie ukitaka."

Akavuta pumzi kunigombeza. Chesang akauliza, kwa heshima kabisa, "Na kule Olkaria, Kimeli, watu hunywea chai wapi?"

Ile pumzi ikaisha bila kutumika.

Nikamwaga trela ile, nikaleta ya pili na ya tatu. Kimeli alisimama kwenye umande, suruali mpya ikilowa mpaka magotini, na hakunishika mkono.

Jioni aliondoka na kitu, kama alivyoapa. Funguo aliziacha msumarini. Alichukua visweta vyangu vitatu, akavitia mfukoni, akafunga zipu.